Maswali ya Wasomaji: Mwili Unapodai Upole Wakati wa Kipupwe

Kusi limeshika. Newala ukungu unachelewa kuinuka, Mtwara mjini watu wanatoka asubuhi na masweta ambayo kufika saa 5 yameshafungwa kiunoni, na mafuta ya nazi yameganda kwenye chupa. Barua za mwezi huu ni nyingi, na karibu zote zinalalamikia jambo moja: mwili unataka kupunguza mwendo, kazi hazikubali. Huku kusini kipupwe ndio msimu wa kupuliza unga wa salfa kwenye mikorosho, wa ufuta kuingia ghalani, na wa ngoma katika vijiji vingi. Ushauri wa kwenda likizo hautamsaidia mtu hapa. Tumejibu tukitafuta pumziko linaweza kupenya wapi katikati ya kazi zenyewe, na mwili utunzwe kwa vitu vilivyopo nyumbani.

Nina miaka 38, watoto 4 na mikorosho ya familia. Tangu Juni naamka saa 10 alfajiri na kulala saa 5 usiku. Mwili mzito, jioni kichwa kinauma. Nikikaa chini mchana naona aibu, watu wanapita wananiona. Nitapumzikaje bila kuitwa mvivu? Mama wa Tandahimba.

Mama, pole na kazi. Tuanze na hesabu, maana ndiyo itakayokutetea hata mbele ya wanaopita. Kutoka saa 5 usiku hadi saa 10 alfajiri ni saa 5 za usingizi. Mtu mzima anahitaji angalau 7. Unapungukiwa saa 2 kila usiku, yaani saa 14 kwa wiki, sawa na usiku mbili nzima. Hakuna dawa ya uchovu itakayoziba pengo hilo. Vidonge vya maumivu ya kichwa vinakunyamazishia kengele tu.

Kuamka saa 10 huwezi kukubadili wakati wa salfa, kwa sababu unga unashika vizuri majani yakiwa na umande na upepo umetulia. Basi tukate upande wa jioni. Katika nyumba nyingi kinachomweka mama macho hadi saa 5 ni jiko: maharage au mbaazi zinazoinjikwa saa 12 jioni zikiwa kavu. Loweka asubuhi kabla ya kutoka, mwaga maji yale, chemsha kwa maji mapya. Muda wa moto unapungua sana. Chemsha za siku mbili kwa mpigo mmoja, bila kitunguu wala tui, na zile za kesho zichemshwe tena mpaka zitokote vizuri asubuhi na jioni. Tui liingie siku ya kula tu. Wengi wanaharibu hapa: wanaunga nazi sufuria nzima, kesho yake mboga imechacha, wanaamua kwamba kupika mara moja hakufai. Iliyochachisha ni nazi. Ukiokoa saa moja na nusu jikoni, ipeleke kitandani yote. Usiifanyie kazi nyingine.

Mchana lala kidogo, dakika 20, kabla ya saa 9. Ukizidisha ukalala saa nzima utaamka mzito kuliko ulivyolala, na usiku usingizi utakukimbia. Kama usingizi hauji, lala chali mkekani, miguu ipande juu ya kigoda au uegemeze ukutani, kwa dakika 15. Baada ya kusimama tangu alfajiri, damu na maji vimekaa miguuni. Ukiinua miguu vinarudi, na utasikia uzito wa vifundo unashuka. Ukiwa hapo vuta pumzi ukihesabu 4, itoe taratibu ukihesabu 6. Kutoa kurefu kuliko kuvuta ndiko kunakotuliza mapigo ya moyo.

Hayo maumivu ya kichwa ya jioni tunayashuku maji. Kipupwe hakina jasho la Januari, kwa hiyo kiu haisemi, lakini upepo mkavu na kazi vinakausha mwili vilevile. Kunywa bilauri 2 ukiamka, 2 kabla ya saa 4, na uende hivyo mpaka zifike 8 jioni. Ukiona mkojo wa rangi ya chai ya rangi, umechelewa. Chai yenyewe iishie saa 9 alasiri. Kafeini ya kikombe cha saa 12 jioni, karibu nusu yake bado iko mwilini saa 5 usiku.

Kisha kapime wingi wa damu. Kwa mama wa umri wako uchovu wa muda mrefu mara nyingi ni upungufu wa madini ya chuma. Chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia chuma cha kisamvu na maharage kuingia mwilini. Iache mpaka saa moja baada ya kula. Limau au chungwa hufanya kinyume chake, hukisaidia kuingia, na huu ndio msimu wa machungwa. Ukiona homa, pima malaria siku hiyohiyo. Kikohozi kikifika wiki 2, kapime kifua kikuu bila malipo kwenye kituo cha serikali.

Kuhusu aibu: pumziko lisilo na saa huonekana uvivu, hata machoni pa mwenyewe. Lipe saa. Waambie watoto na mume kwamba saa 8 mpaka saa 8 na nusu mama hatumwi wala haitwi. Baada ya wiki mbili nyumba nzima itakuwa imezoea. Bibi zetu walijua hili: alasiri walikaa barazani na ukili mkononi, wakasuka na kuzungumza. Ni kazi, lakini ni kazi inayokaa, na hakuna aliyewaita wavivu.

Napuliza salfa kwa malipo, mashamba ya watu, Masasi. Macho yananiwasha usiku, koo kavu, ngozi ya shingo inababuka. Wenzangu wanasema ni kuzoea tu. Kijana, Masasi.

Kaka, hakuna kuzoea. Salfa ni unga laini unaochokoza macho, mapafu na ngozi, na mwili hauzoei, unazidi kuwa mwepesi kuchokozeka. Shingo inababuka kwa sababu unga unatua pale, jasho linaulowesha, na ukosi wa shati unasugua siku nzima.

Anza kabla hujavaa mashine ya mgongoni. Usijipake mafuta asubuhi hiyo, kwa sababu unga unanata kwenye ngozi yenye mafuta, yapake jioni. Vaa shati la mikono mirefu lililofungwa kifungo cha shingo, suruali iangukie nje ya buti, kofia, na kitambaa cha pamba shingoni. Miwani iwe ile inayoziba pembeni. Ya jua ya kawaida inaacha unga uzunguke nyuma ya kioo. Barakoa ya vumbi inayobana pua ni bora kuliko kanga, na ikishakuwa nzito kupumulia ndani yake, tupa. Upepo uwe mgongoni kwako daima. Ukianza kugeukageuka, simama: huo upepo unapoteza salfa ya mwenye shamba na kukulisha wewe.

Ukimaliza, jikung'ute kwanza ukiwa mkavu, nje, mbali na maji ya kunywa. Wengi wanakimbilia ndoo wakiwa na unga mwili mzima, maji yanaugeuza tope linaloingia machoni na kwenye mikunjo. Ukishajikung'uta, osha mikono na uso kwa sabuni, halafu oga. Jicho likiingiwa, usilisugue. Fungua kope kwa vidole safi na mimina maji safi taratibu kutoka upande wa pua kwenda nje kwa dakika 15 kamili. Dakika 15 ni ndefu na lita kadhaa zitakwenda, kwa hiyo chukua dumu la lita 5 shambani kwa kazi hiyo peke yake. Likiendelea kuuma au kuona ukungu, nenda hospitali.

Nguo za salfa zifuliwe peke yake, zisilale chumba unacholala. Usizikaushe juu ya moto: salfa inashika moto, na moshi wake unakaba kifua vibaya. Sigara vilevile, usivute ukiwa na unga mwilini. Mwenye pumu asipulize kabisa, aombe kazi ya kupalilia au kufagia chini ya mikorosho.

Halafu pumziko lako. Ukipuliza alfajiri hadi saa 3, siku hiyo usikubali shamba la pili. Mapafu yanahitaji muda wa kujisafisha, na hesabu ya pesa ya shamba la pili inaliwa na siku utakazolala unakohoa.

Ngozi yangu inapauka kama nimepakwa majivu, na visigino vina magaga mpaka vinatoa damu. Nilitengeneza mafuta ya nazi mwenyewe. Nusu yameganda, chupa nyingine imechacha baada ya wiki mbili. Nimekosea wapi? Binti wa Mtwara mjini.

Binti, yaliyoganda hayana kosa. Mafuta ya nazi hugandia kwenye nyuzi 24 hivi, na alfajiri za Julai Mtwara zinashuka mpaka karibu 20. Chukua kidogo kwa kidole, sugua viganja, yatayeyuka yenyewe. Usiyachemshe kila siku kuyayeyusha. Kuyapasha mara kwa mara kunayaharibu.

Yaliyochacha ndiyo yenye kosa, na kosa ni maji. Fuata hivi. Zikune nazi 5 zilizokomaa, zile ambazo ukizitikisa maji yanasikika. Tia vikombe 2 vya maji ya uvuguvugu, kamua na chuja. Rudia chicha kwa kikombe 1. Mimina tui lote kwenye bakuli pana, funika, liache usiku kucha. Asubuhi utakuta krimu nzito imepanda juu na maji yamekaa chini. Engua krimu tu. Ukimimina pamoja na maji utapika mchana kutwa, na uchovu wa kupika ndio unaowafanya watu waepue mapema.

Sasa sufuria nzito, makaa machache. Koroga kwa mwiko mkavu. Kwanza itachemka kwa mapovu makubwa na sauti ya kupasukapasuka. Hayo ni maji yanayotoka. Itakatika kuwa vipande vyeupe, mafuta yataanza kung'aa pembeni, vipande vitageuka manjano. Sikiliza zaidi ya kutazama: sauti itapungua, mapovu yatakuwa madogo kama ya sabuni, halafu kimya. Kimya hicho ndicho unachokingoja, maana maji yamekwisha. Vipande vikiwa na rangi ya korosho iliyokaangwa vizuri, epua. Vikifika rangi ya kahawa, mafuta yatanuka moshi na hutayapenda mwilini. Chuja yakiwa ya moto kiasi kwa kitambaa kikavu, tia kwenye chupa ya kioo uliyoianika juani mpaka haina hata tone. Tone moja la maji linatosha kuchachisha chupa. Kidole chenye maji ya kuogea pia, kwa hiyo mimina kwenye kiganja, usichovye. Nazi 5 kubwa zitakupa kikombe kimoja hivi, na yakikaa gizani yatakaa miezi.

Namna ya kujipaka ina uzito kuliko aina ya mafuta. Mafuta hayaongezi maji kwenye ngozi, yanayafungia yaliyopo. Oga maji ya vuguvugu, si ya kuunguza, kwa dakika 5 hadi 10. Maji ya moto sana ni matamu asubuhi ya kipupwe, lakini yanaosha mafuta ya asili na ngozi inapauka kabla ya saa 4. Sabuni ipite kwapani, sehemu za siri kwa nje, na miguuni. Mikono na mgongo maji yanatosha siku ambazo hukutoka na vumbi. Jipanguse kwa kugusa, ubaki na unyevu kidogo, ujipake ndani ya dakika 3. Ukingoja mpaka ukauke, mafuta yanakaa juu ya ukavu.

Magaga yana dawa ya subira. Nyayo hazina tezi za mafuta, na kandambili zinaacha kisigino wazi kitanuke kila ukikanyaga. Ngozi nene iliyokauka haitanuki, inapasuka. Usiku loweka miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu kwa dakika 15, sugua na jiwe la miguu taratibu kwenye ngozi nene tu, acha yale yanayotoa damu. Kausha hasa katikati ya vidole. Paka mafuta ya mgando kwa wingi, kisha soksi za pamba, ulale nazo. Wiki 2 kila usiku. Usikate kwa wembe, kidonda cha kisigino ni mlango wa wadudu. Na kama una kisukari usiloweke kabisa, wala usisugue. Onyesha miguu kituoni. Tukisikia mtu mwenye kisukari anakatwa magaga nyumbani tunaogopa kwa dhati, kwa sababu mguu uliokufa ganzi hausemi ukiumizwa.

Mke wangu amejifungua wiki iliyopita. Baridi ya Newala ni kali usiku. Mama yangu anaweka jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha, na anamkanda kwa maji ya moto sana. Je, ni sawa? Baba mpya, Newala.

Hongera, kaka. Jiko litoke usiku huuhuu. Mkaa uliokolea, ule mwekundu usio na moshi ambao watu wanauona salama, unatoa hewa ya kaboni monoksaidi. Haina harufu wala rangi. Inaingia kwenye damu na kukaa mahali pa oksijeni, mtu anaumwa kichwa, anasikia usingizi, halafu haamki. Mtoto mchanga anaathirika kwanza. Kuacha dirisha upenyo wa vidole viwili hakutoshi. Mkiamka na kichwa kinachouma nyote wawili, tokeni nje mara moja mwende hospitali.

Joto la mtoto mchanga ni kifua cha mama. Avuliwe, abaki na nepi, kofia na soksi, alazwe kifuani ngozi kwa ngozi, kanga na blanketi vifunike mgongo wake, uso ubaki wazi. Akiwa amevishwa, mwongezee nguo moja zaidi ya mnazovaa ninyi. Kitanda kipasheni kwa chupa ya maji yenye joto la kuogea, iliyofungwa kwenye kitenge, dakika 10, kisha itoeni kabla ya kumlaza. Maji yanayochemka hulegeza chupa za plastiki na zikapasuka. Gusa tumbo lake: likiwa la baridi hata baada ya kubebwa, au akikataa kunyonya, usingoje asubuhi.

Juu ya kukandwa, mweleze mama kwa heshima, maana nia yake ni njema. Mfuko wa uzazi unarudi wenyewe ndani ya wiki 6 hivi, na kila mtoto anaponyonya unabana. Maji ya kuunguza hayauharakishi. Yanaacha malengelenge, na kama alijifungua kwa operesheni, mshono unaolowana unaoza. Kiuno na miguu vikandwe kwa kitambaa cha vuguvugu, joto ambalo kiwiko cha anayekanda kinalivumilia bila kushtuka. Tumbo liachwe. Akitokwa damu nyingi inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja, au akipata homa, hospitali.

Kilicho bora katika desturi yetu kipo, nacho ni arobaini. Siku 40 bila kubeba ndoo wala kutwanga, wengine wakimpikia. Simamieni hiyo kikamilifu. Wewe chota maji.

Mtoto wa miaka 2 anakohoa tangu baridi ianze. Nimfukize? Mama, Nachingwea.

Usimfukize, mama. Mvuke hauui virusi, na kila kipupwe watoto wanaungua kwa sufuria za kufukizia. Mpe kijiko cha chai kimoja cha asali kabla ya kulala. Kwa miaka 2 inafaa, chini ya mwaka 1 ni marufuku. Maji na uji mwepesi mara nyingi. Akiwa ametulia, hesabu pumzi kwa dakika nzima ukitazama saa: kwa umri wa mwaka 1 hadi 5, zikifika 40 au zaidi, au mbavu zikizama anapovuta, ni nimonia mpaka daktari aseme vingine. Kwa aliye na miezi 2 hadi 11 kipimo ni 50.

Magoti na vidole vinakaza asubuhi upepo wa kusi ukianza. Nilikuwa mvuvi miaka mingi. Nakunywa diclofenac, vidonge vya maumivu vya dukani, kila siku. Mzee, Kilwa Masoko.

Shikamoo mzee. Tuanze na dawa: diclofenac kila siku kwa umri wako inaweza kutoboa tumbo, kuchosha figo na kupandisha shinikizo la damu. Punguza, na umwambie daktari umekunywa kwa muda gani.

Badala yake tumia chumvi ya mawe, ile inayovunwa huko kwenu pwani. Kaanga vikombe 2 kwenye kikaango kikavu kwa dakika 4 au 5, itie kwenye soksi nene, funga. Iweke upande wa ndani wa kifundo cha mkono ukihesabu 10. Kama inachoma, ingoje. Laza juu ya goti dakika 15, asubuhi kabla ya kutoka na usiku kabla ya kulala. Chumvi hiyohiyo inatumika wiki nzima. Chumvi inashika joto kuliko kitambaa cha maji na hailowani, kwa hiyo upepo haukupigi ukimaliza. Usiiweke kwenye goti lililovimba na lenye joto lake, wala kama una kisukari na miguu ganzi.

Kabla ya kushuka kitandani, kunja na nyosha kila goti mara 10 ukiwa ndani ya shuka, na ufumbe na kufumbua viganja mara 20. Maji ya kwenye maungio yanahitaji kusukumwa ndipo yalainishe. Mkazo unaoachia ndani ya nusu saa mara nyingi ni wa umri na kazi. Ukipita saa nzima, na vidole vya mikono yote miwili vimevimba, hiyo inaweza kuwa baridi yabisi, na ina dawa zake hospitali. Nenda mapema mzee, kwa sababu baridi yabisi ikiachwa hukunja vidole visinyooke tena.

Mwanangu anasoma Edinburgh, Uskochi. Desemba iliyopita alibadilika: analala kutwa, anakula mikate tu, hapigi simu. Aprili akawa sawa. Septemba anarudi kule. Nimfanyie nini niliye Lindi? Mama, Lindi mjini.

Mama, umeona vizuri, na kuona mapema ni nusu ya kazi. Huku kwetu siku fupi kuliko zote katika mwaka bado ina saa 11 na nusu za mwanga. Edinburgh, mwishoni mwa Desemba, jua linachomoza saa 2:40 asubuhi na kuzama saa 9:40 alasiri, saa 7 tu, tena mara nyingi nyuma ya wingu. Mwanga wa asubuhi ndio unaoipangia saa ya mwilini wakati wa kulala na kuamka. Ukikosekana, kwa baadhi ya watu kunakuja usingizi mwingi, hamu ya wanga, kujitenga, na huzuni inayoondoka yenyewe majira yakibadilika. Ni sonona ya majira. Norman Rosenthal na wenzake waliieleza kitaalamu Marekani mwaka 1984. Si uvivu wa mwanao, wala hajarogwa.

Ajipange kuanzia Oktoba, asingoje Desemba. Kwanza atoke nje kila siku ndani ya saa mbili baada ya jua kuchomoza, dakika 30, hata kukiwa na wingu. Mwanga wa nje wa siku ya mawingu bado unazidi wa taa za darasani mara nyingi. Pili, taa maalumu ya mwanga ya 10,000 lux (kipimo cha ukali wa mwanga), inayochuja miale ya urujuanimno, dakika 20 hadi 30 mara baada ya kuamka, kwa umbali ulioandikwa na mtengenezaji. Aiweke pembeni ya kitabu asiikodolee. Wengi inawashinda kwa sababu wanaiwasha usiku, na usingizi unapotea kabisa. Kama ana historia ya kuchangamka kupita kiasi kisha kuanguka, asianze taa bila daktari. Tatu, vitamini D mikrogramu 10 kila siku, ushauri ambao Uingereza inawapa watu wote majira ya vuli na baridi. Wenye ngozi nyeusi wanaihitaji zaidi, kwa sababu jua lile dhaifu halitoshi kwao.

Ajiandikishe kwa daktari wa mtaa akifika tu, angali mzima. Mwanafunzi mwenye viza ya zaidi ya miezi 6 huwa amelipia huduma ya afya pamoja na viza, asiogope gharama. Uzito wa moyo ukizidi wiki 2 aende, yapo mazungumzo na dawa vinavyosaidia. Akizungumzia kufa au kutaka kutoweka, hilo ni la siku hiyo. Namba ya dharura kule ni 999.

Na wewe una kazi ambayo daktari hawezi kuifanya. Saa za Uingereza zinarudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na tangu hapo Lindi inatangulia kwa saa 3. Mpigie saa 6 mchana za kwako. Kwake ni saa 3 asubuhi, jua limetoka punde. Kabla hujauliza masomo, mwambie avae koti ashuke mpaka barabarani, mzungumze akiwa anatembea. Msikilize sauti. Akianza kusema anapokea kitandani, siku ya pili mfululizo, mpigie rafiki yake mmoja ambaye namba yake umeichukua tangu Septemba.